Ufa wa Kona ya Kushoto

Siku Siwatu alipouona ufa kwa mara ya kwanza hakuwa akiutafuta. Alikuwa peke yake katika Ukumbi wa mji, pedi ya kuchezea gemu mkononi, mbele ya kile kioo kikubwa kinachofunika ukuta mzima, akijizoeza kupiga krosi dhidi ya mashine. Winga wake alifika karibu na kibendera cha kona ya kushoto na mpira miguuni. Siwatu alitaka kumgeuza, kidole kikakosea. Winga akazunguka papo hapo mara tatu, kama kuku anayetafuta pa kutagia, na katika kuhangaika Siwatu akabonyeza pasi na shuti kwa pamoja.

Mpira ukatoweka. Haukuruka, haukuviringika. Ulikuwapo, haukuwapo, kisha ukawa wavuni. Kipa wa mashine alikuwa amegeuza shingo pembeni, kama mtu aliyesikia akiitwa kwa jina lake na sauti anayoijua.

Siwatu aliweka pedi mapajani. Halafu, kabla ya kujaribu tena, aliinuka akaenda kufunga mlango wa Ukumbi kwa komeo. Jambo hilo alilikumbuka sana baadaye. Mkono wake ulikuwa umejua kitu ambacho kichwa kilikuwa bado kinakijadili.

Sikuuchonga mimi, alijiambia. Nimeukuta. Aliyekuta njia si mwizi wa njia. Mashine imeruhusu, na mashine ndiyo sheria. Lakini kisichokatazwa, kimeruhusiwa na nani? Na komeo je? Komeo la nini?

Akajaribu tena. Kona, mizunguko mitatu, vitufe viwili. Bao. Akajaribu mpaka mwili ukamwingia baridi ya raha, raha isiyotaka mwenzi. Akaliita jambo lile ufa, maana mashine yote ilikuwa ukuta mmoja laini usio na pa kupenyeza kucha, na yeye alikuwa amepata pa kupenyeza mwili mzima.

Mji ule haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na watu wakalichosha kwa kulitamka. Wazee walisema zamani palikuwa na kiwanja cha kweli, chenye nyasi na vumbi na majeraha ya magoti, lakini majumba yalikuwa yamekikalia na hakuna aliyeweza kuonyesha kilikuwa wapi. Kilichobaki ni gemu, na gemu yenyewe iliitwa Uwanja. Wanaume kwa wanawake waliicheza. Hapakuwa na jambo zito lililoamuliwa nje yake. Mtaa upi ufunguliwe maji kwanza, soko lihamie wapi, nani atazungumza na nani atanyamaza, yote yalikwenda kwa mshindi. Mechi ilipoanza, jua lilisimama mahali pake nje ya madirisha na kungoja. Wapo walioingia kucheza wakiwa na nywele nyeusi wakatoka na mvi, na wake zao wakawaambia, "Mbona umerudi mapema?"

Tena mashine ilikuwa na desturi moja. Mchezaji alipoketi, ilimtazama, ikauchukua uso wake na kumvisha nahodha wa timu yake pale kwenye kioo. Nahodha huyo walimwita kivuli. Ukikiona kivuli cha mtu kikikimbia, unamwona mwenyewe. Na katika vivuli vyote vya mji ule, hakuna kilichopendwa kama cha Mwanatumu.

Mwanatumu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa maneno, mwenye kawaida ya kuvua viatu kabla ya kushika pedi. Mchezo wake ulikuwa wa kusuka. Pasi zake zilikwenda kama ukili unavyosukwa, huyu chini, yule juu, kamba inapotea hapa na kuchomoza pale, mpaka mpinzani anasahau kuukaba mpira na kubaki akitazama mkeka unavyokamilika. Watu hawakumshangilia. Walinyamaza. Ukumbi mzima ulishusha pumzi pamoja naye, na bao lilipoingia, lilionekana kama jambo lililokuwa kweli tangu zamani na sasa limesemwa tu.

Siwatu alikutana naye katika mashindano ya mitaa. Kabla mechi haijafika nusu, Mwanatumu alikuwa amekwisha kusuka mabao mawili. Siwatu aliutazama mtaa wake wote uliojazana viti vya nyuma, watu wa Bondeni, wenye ndoo kavu na matumaini ya maji. Kisha akaupeleka mpira kona ya kushoto.

Mizunguko mitatu. Vitufe viwili. Kipa wa Mwanatumu aligeuza shingo, akisikiliza jina lake.

Akafunga tena hivyo hivyo. Na tena. Ukumbi ulipiga kelele ambazo hazikuwa za furaha wala hasira, kelele za watu walioona kamba ikikatwa. Filimbi ilipolia, Mwanatumu aliweka pedi chini akaivuta mikono yake karibu na macho, akaigeuza, kiganja na mgongo, kama mtu anayekagua mboga sokoni.

"Mdogo wangu," alisema, "mpira umepita wapi?"

"Umepita palipo na njia, dada."

"Mimi sikuiona."

"Basi haikuwa yako."

Siwatu mwenyewe alishtuka kusikia jibu lile. Lilitoka haraka mno. Mwanatumu alivaa viatu vyake, cha kushoto mguu wa kulia, cha kulia mguu wa kushoto, akaondoka hivyo hivyo bila kugundua.

Bondeni walipata maji. Walimbeba Siwatu mabegani. Siri, hata hivyo, haikai kwenye kioo kinachotazamwa na mji mzima. Kabla maji hayajajaza mapipa, kila mwenye macho alikuwa amekwisha kuhesabu mizunguko na kuona vitufe. Ufa ukawa wa wote.

Hapo ndipo Uwanja ulipoanza kuwa mwingine. Wachezaji hawakupasiana tena. Anayepata mpira alikimbilia kona ya kushoto, anayemnyang'anya aligeuka kukimbilia kona yake ya kushoto, na mechi zikawa mbio za panya kati ya pembe mbili. Katikati ya uwanja hapakukanyagwa na mtu, na nyasi za pale kwenye kioo zikaanza kurefuka. Hakuna aliyezipanda. Ziliota tu, zikafika magotini pa vivuli, zikafika viunoni. Watazamaji walikuja wakakaa wamefumba macho, wakisubiri sauti ya bao, kwa kuwa hapakuwa na cha kutazama. Walioshinda walitoka wamechoka kama walioshindwa. Kijana mmoja hodari wa mashuti ya mbali, aliyekuwa akisifiwa mitaa yote, aliirusha pedi ukutani akalia kwa sauti mbele ya mke wake. Alipoulizwa analilia nini, na ilhali ameshinda, alisema, "Sikufanya kitu. Nimeshinda, na sikufanya kitu."

Siwatu walimwita Malkia wa Ufa. Hakuna aliyekuwa mwepesi kama yeye katika mizunguko. Lakini kila kivuli chake kilipopita mle, uso kiliouvaa ulififia kwa kupepesa jicho, ukarudi. Mwanzoni yeye peke yake ndiye aliyeona. Kisha ukawa unachelewa kurudi. Kisha kukawa na mechi nzima ambazo nahodha wa Siwatu alikimbia na uso mtupu kama kisahani.

Alijiambia ni hitilafu ya kioo. Mpaka siku aliyorudi kwao mchana, akabisha mlango wa mama yake.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ya Bi Saumu ilitoka jikoni.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mimi, mama."

"Kila mtu ni mimi, mwanangu. Sema jina."

Siwatu alifungua kinywa. Jina halikuwapo. Alilisikia likija kutoka mbali, likiburura miguu, na lilipofika ulimini lilikuwa na ladha ya kitu cha kuazima. "Siwatu," alisema.

Mama yake akafungua. Akamtazama kwa muda mrefu kwa macho yenye ukarimu, ukarimu ule ule anaopewa mpita njia. "Karibu, mgeni wangu," alisema. "Siwatu hajarudi bado. Lakini kaa, hatachelewa. Tena atafurahi kukukuta."

Akamletea chai na kipande cha mhogo wa kuchemsha. Siwatu akakaa kwenye mkeka wa kwao, akanywa, akajingoja. Alipokuwa akijingoja alisikia nyayo mlangoni, akageuka kwa shauku. Zilikuwa nyayo za jirani.

Mtu ni nini? aliwaza. Ni yale anayoweza kufanya? Basi wakifanya wote jambo moja, ni mtu mmoja. Ni yale anayokataa kufanya? Mimi nimekataa nini? Nitajie kimoja. Hata kimoja.

Chai ilikuwa haijapoa alipoinuka na kwenda kumtafuta Msimamizi.

Bwana Nasibu, Msimamizi Mkuu wa Uwanja, alikuwa na chumba chake juu ya Ukumbi, mwisho wa ngazi ya chuma. Alikuwa mtu wa adabu nyingi, suti ya kijivu, kucha safi. Ulipomtazama ulimwona vizuri. Ulipoangalia pembeni hukuweza kukumbuka alifananaje. Nyuma ya kiti chake palikuwa na mlango mwembamba uliofungwa.

"Karibu, binti," alisema, akimimina kahawa. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

"Nimekuja kuomba ufa uzibwe, Bwana Nasibu."

"Upi?"

"Wa kona ya kushoto."

"Ah. Huo." Akamsogezea kikombe. "Huo tunaujua tangu hujazaliwa."

Siwatu aliiacha kahawa pale ilipo. "Na hamkuuziba?"

"Nikuulize. Zamani Mwanatumu akiwa na mpira katikati ya uwanja, ulikuwa unajua atakwenda wapi?"

"Hapana. Hakuna aliyejua."

"Na leo, mchezaji yeyote akipata mpira, anakwenda wapi?"

Siwatu alikitazama kikombe.

"Mji mzima unakwenda kwenye kona moja," alisema Bwana Nasibu kwa upole. "Hatuhitaji kumsukuma mtu. Kila mmoja anadhani ameiba, kwa hiyo kila mmoja ananyamaza. Wewe ungekuwa mimi, ungeziba?"

"Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Na nani kakwambia hatutaki ukuta?"

Chini, Ukumbini, ilisikika mechi ikiendelea: mbio, sauti ya bao, mbio, sauti ya bao.

"Lakini mimi si mtu mgumu," Bwana Nasibu akaendelea. Aliunyooshea kidole ule mlango mwembamba. "Mle ndani kuna Kiti. Atakayekaa juu yake, sheria za Uwanja ziko mikononi mwake. Akitaka kuziba, anaziba. Akitaka nyasi zikatwe, zinakatwa. Na Kiti ni cha mshindi wa Kombe Kuu. Mashindano yanakuja. Wewe ndiye unayetajwa kila mtaa. Shinda, ukauzibe mwenyewe. Sitakuzuia. Sijapata kumzuia mtu."

"Nishinde vipi?"

"Unavyoshinda siku zote."

Siwatu alimtazama usoni, akajilazimisha asipepese. "Wewe uliingiaje humu, Bwana Nasibu?"

Msimamizi alicheka kidogo, kicheko ambacho hakikugusa mahali popote. "Kona ya kulia," alisema. "Enzi zetu ilikuwa kona ya kulia. Nami nilikuwa nimekuja kuziba."

Siwatu aliteremka ngazi akishikilia ukuta. Lugha yao, aliwaza, ilikuwa imekwisha kuliona jambo hili zamani, ikawaweka mfungaji na mfungwa katika nyumba moja ya neno kufunga, wakalala chumba kimoja, na asubuhi asijue mtu nani kaamka akiwa nani. Alikuwa amefunga mabao mengi kuliko mtu yeyote aliye hai. Kila bao komeo. Je, mtu anaweza kupita katika ufa ili akauzibe? Akishapita, ni nani atakayefika upande wa pili? Ni yule aliyekusudia kuziba, au ni mwingine aliyekaa tu katika nguo zake? Na asipopita, akaacha Kiti kichukuliwe na asiyejali, huo utakuwa usafi au uvivu uliovaa nguo nyeupe? Aliligeuza swali hili akila, akilala, akifua. Lilikuwa kama mfupa wa samaki kooni, si mkubwa wa kuua, si mdogo wa kusahau.

Kombe Kuu likaja, na maji ya Bondeni yalikuwa yamekatika tena, yakingoja mshindi. Siwatu alipita raundi zote kwa njia ile ile, maana kila alipojaribu nyingine mikono ilimkatalia. Na upande wa pili wa jedwali, jina moja lilikuwa likipanda polepole, jina ambalo watu walikwisha kulizika: Mwanatumu.

Alikuwa hatumii ufa. Alikuwa amebuni kinga. Alimchukua beki wake mmoja akamsimamisha pale kwenye kibendera cha kona tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, asikimbie, asipokee pasi, asifanye lolote ila kuziba njia kwa mwili wake. Wengine kumi walicheza, kwa shida, kwa ushindi mwembamba wa bao moja. Watu walimwita yule beki Bawabu. Na kwa kuwa Mwanatumu alimtegemea sana, mashine ilimfanya Bawabu kuwa nahodha, ikamvisha uso wake.

Siku ya fainali walikutana kwenye ujia kabla ya kuitwa. Mwanatumu alikuwa amekonda. Alikuwa amevaa viatu.

"Dada," Siwatu alianza, "nina swali. Ukishinda, ukikaa Kitini, utauziba?"

Mwanatumu alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili kufupisha mazungumzo. "Sijui," alisema. "Mchezo wangu wote sasa nimeujenga juu ya kuulinda. Ukizibwa, yule Bawabu nitampeleka wapi? Nimesahau kucheza na watu kumi na moja."

"Basi sote wawili tunaishi humo."

"Wewe ndani, mimi mlangoni." Mwanatumu alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nikikuchukia, mdogo wangu. Siku hizi nikitaka kukuchukia siuoni uso wako nikauelekezee chuki. Na wewe, utauziba?"

"Ndicho ninachotaka."

"Sikuulizi unachotaka."

Wakaitwa.

Ukumbi ulikuwa umejaa hadi madirishani. Jua lilisimama. Mashine iliwatazama, ikachukua nyuso: upande mmoja Bawabu mwenye uso wa Mwanatumu, amesimama konani kama mti wa uzio, upande mwingine kivuli cha Siwatu, mtupu kama kisahani. Bwana Nasibu alikaa kwenye safu ya mbele, mguu juu ya mguu.

Mechi ilikuwa ndefu. Siwatu alikuwa ameazimia kucheza kama wanavyocheza watu, na aliushika mpira akitafuta wa kumpasia katikati, lakini nyasi zilikuwa zimefika mabegani na hakuona mtu. Vidole vyake vilivuta kushoto. Akavirudisha. Vikavuta tena, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Mara kwa mara alifika konani bila kujua amefikaje, akamkuta Bawabu, akagonga, mpira ukatoka. Mama mmoja aliyeingia Ukumbini na mimba alikuwa sasa ananyonyesha. Mwanatumu alipata nafasi moja, mpira mrefu wa bahati uliovuka juu ya nyasi, akafunga. Hakushangilia. Hakuna aliyeshangilia. Watu walianza kuimba chini chini, kisha kwa nguvu, wakipiga miguu sakafuni: "Kona! Kona! Kona!"

Dakika za mwisho, mpira ukiwa kwa Siwatu, Mwanatumu alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alimtoa Bawabu. Kivuli kile kilisita, kikatazama kulia na kushoto, kikaondoka pale kwenye kibendera. Kona ikabaki wazi.

Ukumbi ukanyamaza ghafla.

"Dada," Siwatu alinong'ona bila kugeuza kichwa, "kwa nini umemtoa?"

"Nataka kujua."

"Kujua nini?"

"Kama muda wote huu nimekuwa nikimzuia mwizi, au nikimzuia mtu. Pita, nikuone."

Vidole havikusubiri amri. Winga alikuwa amekwisha kufika. Akazunguka. Siwatu aliusikia mwili wake wote ukiteremka kuelekea pale, kwa ulaini, kwa raha ya baridi, kama maji yanavyojua bonde. Akazunguka tena. Hapo kwenye kioo mwanga ulianza kupasuka kidogo pembeni mwa kibendera, na ndani yake Siwatu aliona mlango mwembamba, na Kiti, na juu ya Kiti mtu wa adabu nyingi, kucha safi, ambaye hakuweza kuona anafananaje. Mtu huyo alikuwa anamimina kahawa, akimwambia msichana fulani aliyesimama mbele yake: nami nilikuwa nimekuja kuziba.

Mzunguko wa tatu.

Bonyeza. Utauziba kesho. Bonyeza, Bondeni wana kiu. Bonyeza, nani atakulaumu, wote wamepita. Bonyeza, ukatae baadaye. Kukataa kuna wakati wake. Wakati gani? Lini? Nitajie siku.

Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya vitufe viwili. Hakikutaka kuondoka. Siwatu aliuinua mkono wote, kama mtu anayeng'oa kupe, akauweka chini ya paja lake na kuukalia. Kwa kidole cha mkono wa kushoto, peke yake, akaupiga mpira nyuma. Ukaenda katikati ya uwanja, ndani ya nyasi, kwa mchezaji ambaye hakuna aliyempa pasi tangu nyasi zile zilipoanza kuota.

Mchezaji yule hakujua la kufanya. Mpira ulimgonga ugoko ukaviringika.

"Mjinga!" sauti moja ilitoka viti vya Bondeni. "Mjinga wewe! Maji yetu!"

Bawabu ndiye aliyeufikia mpira. Hakuwa na pa kulinda tena. Alikimbia kwanza kwa kuyumba, kama ndama aliyefunguliwa kamba asubuhi, kisha akapasia, akapokea, akapasia. Huyu chini, yule juu. Mwanatumu alikuwa amevua viatu bila mtu kuona saa ngapi. Nyasi zililala kila walipopita. Siwatu aliuchomoa mkono wake chini ya paja, ukiwa na ganzi, akaanza kukaba. Alikaba vibaya. Alikata pasi moja, akapokonywa, akakimbia, akakata nyingine, jasho likamwingia machoni, akajikuta anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Kisha mkeka ukakamilika, na mpira ukaingia wavuni mbele ya kipa aliyekuwa ameutazama hadi mwisho kwa macho yake mawili.

Filimbi.

Watu wa Bondeni walitoka bila kumwangalia. Mmoja alitema mate karibu na kiti chake. Bwana Nasibu aliinuka, akatengeneza koti, akampungia mkono Mwanatumu apande ngazi. Alipopita karibu na Siwatu, alimtazama kidogo, kwa udadisi, kama mtu anayeona mdudu wa aina ambayo hakuizoea.

"Pole, binti," alisema. "Na Kiti kingekufaa."

Siwatu alikaa chini ya ngazi ya chuma akangoja. Mtaa ungemlaumu, na ulikuwa na haki, maana ndoo kavu haijazwi kwa moyo safi. Alichokuwa nacho ni mikono inayouma tu.

Juu, mlango mwembamba ulifunguka. Mwanatumu akatoka, akateremka polepole. Nywele zake zilizokuwa nyeusi alipopanda zilikuwa zimeingia mvi kote.

Siwatu alisimama. "Dada. Umeuziba?"

"Nimeuziba, mdogo wangu. Umekwisha. Hata alama haionekani."

Siwatu alitaka kumkumbatia, lakini kitu katika sauti ile kilimzuia. "Mbona basi unatetemeka?"

Mwanatumu aliangalia juu ngazini, kisha akaangalia mlango wa nje. Alishusha sauti. "Nilipokuwa nikiuziba nimeona mwingine."

"Wapi?"

Mwanatumu alifungua kinywa. Akamtazama Siwatu machoni, akamtazama vidole, akakifunga.

"Sikwambii," alisema, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyeacha chungu motoni.

Siwatu alisimama akiwaza kama amehurumiwa au amefichwa. Alikuwa bado anawaza alipogundua kwamba miguu yake imekwisha kupiga hatua nyuma ya Mwanatumu, laini, bila kelele, na macho yake yametua kwenye mikono ya yule mwanamke, yakingoja kuona vidole vitajizoeza nini vikidhani haviangaliwi. Akasimama. Akarudi nyuma, akaushika mwamba wa ngazi kwa mikono miwili, akaung'ang'ania. Mwanatumu alivuka mlango, akapita dirisha la kwanza, akapita la pili. Siwatu hakuachia. Alishikilia mpaka viganja vikawaka moto, na maumivu yale alipoyasikiliza vizuri, alijua bila kuuliza ni ya nani.